Chansi Yetu Itapita Kampala Kabla ya Kufika Bihambwe

Nairobi, Jumapili alasiri

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijakuambia habari yoyote, goti lako likoje? Neema alinieleza kwamba mvua ya huko Bihambwe imelirudishia maumivu, na kwamba ukiulizwa unajibu kana kwamba ni goti la jirani. Mama, lipake mafuta ya moto na umwache Innocent apeleke maharage sokoni Sake peke yake. Ni kaka mkubwa sasa, ana ndevu, ndoo mbili hazitamwua.

Na wewe Neema, najua ni wewe unayesoma kwa sauti huku Mama amefumba macho akijifanya amelala. Nakusalimu sana mdogo wangu. Soma polepole, na usiruke mahali panapokuhusu, maana nitampigia Innocent simu kumwuliza kama umeyasoma yote.

Mimi ni mzima. Baridi ya asubuhi hapa si haba, lakini mtoto wa Masisi atalalamikaje baridi mbele ya watu? Chumba changu ni kile kile. Maji yanatoka siku yanapotaka, kwa hiyo madumu yangu hayakai matupu. Karatasi za ukaaji nilizifuata tena ofisini, nikapanga foleni hadi miguu ikawaka, mwishowe wakanipa nyingine ya mwaka mzima, namshukuru Mungu. Kanisani wamenizoea. Kazini bado wananicheka nikisema "iko muntu inje", wanairudia kutwa nzima, nami nimeanza kuwatoza chai kila wakirudia.

Mama, nakuandikia barua badala ya kukutumia sauti kwenye simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na mtandao wa huko hukata maneno katikati. Nimempa barua hii dada mmoja wa kanisa letu anayesafiri kuja Goma. Ni habari ya chansi, kile chombo chetu cha mti cha maziwa. Usishtuke, haikuvunjika. Ila kuna watu wanataka ibaki huku moja kwa moja, na mwisho wa mwezi huu lazima niwape jibu.

Nianze mbali kidogo ili Neema asikae akiniuliza maswali.

Unajua nafanya kazi kwenye karakana ya Bi Wairimu, wanakotengeneza viti na taa za nyumba kubwa. Nilipoingia nilikuwa nasuka vikalio vya viti. Halafu siku moja mvua ilinyesha, umeme ukakatika, tukakaa bure, nikachukua mabaki ya nyuzi nikaanza kusuka kifuniko cha chansi, kile chenye ncha ndefu ulichonifundisha nikiwa bado nalilia peremende. Sikuwa na nia yoyote, mikono ilikuwa inatafuta kazi. Bi Wairimu alikiona, akakigeuza huku na huku, umeme uliporudi akatia balbu ndani yake. Mama, ile mistari yako ya meno ya ng'ombe ilitokea ukutani, mikubwa kuliko mlango. Tangu siku hiyo mimi nasuka taa, na kila taa ni kifuniko chako.

Sasa, mwaka huu una mambo mengi ya kungojea, na karibu yote yananihusu, ndiyo maana siku hizi naamka nikiimba hata kabla ya chai. Mwezi ujao yanafunguliwa hapa Nairobi maonyesho ya vitu vya nyumbani vya nchi zetu hizi, vitu vya kukalia, vya kupikia, vya kulalia, vya zamani na vipya vikiwa pamoja. Taa zangu zitaning'inizwa katika chumba cha kwanza. Kuna kijana wa Goma mchora picha, atachora ukuta mzima kwa rangi ya mawe meusi ya volkano, na amesema ataniweka mle nikisuka, nami nimemwambia asisahau kunipunguzia pua. Kuna mafundi wa pwani wanaleta milango. Kuna mama mmoja wa kaskazini mwa Kenya anayejenga nyumba ya mikeka unayoweza kuipakia juu ya ngamia. Nilipomwona akiisimamisha peke yake bila msumari hata mmoja, nilitamani ungekuwa hapa uone.

Kutoka hapa maonyesho yatafungwa kwenye makasha na kupakiwa katika gari kubwa, yaende Kampala. Huko watu wa Ankole wataleta chansi zao, nyeusi tititi, na yetu na zao zitasimama meza moja. Nitaziangalia kwa karibu nione ni nani anazifukiza moshi vizuri zaidi, na wewe unajua jibu langu hata kabla sijafika. Halafu Kigali, mwezi wa nane, pamoja na akina mama wasukaji wa kule. Nami nitasafiri na vitu njia nzima, kwa sababu Bi Wairimu amesema taa hizo zikikunjika hakuna mwingine wa kuzinyoosha. Mimi, Mama, niliyetoka Sake nimebanwa kati ya magunia ya makaa, sasa nitasafiri nikiwa na barua yenye muhuri na jina langu limeandikwa bila kosa.

Ila walipoona taa waliuliza kifuniko hicho kinafunika nini. Nikawaletea chansi.

Nilisita, usifikiri sikusita. Nilikumbuka siku uliyonipa, pale kando ya njia ya Mubambiro, tulipokuwa tunalala chini ya turubai na ng'ombe wote wamekwisha kwenda na vita. Ulikuwa umeacha masufuria, umeacha godoro, umeacha hata Biblia kubwa ya marehemu Papa, lakini chansi ya Koko, mama yako, ulikuwa umeifunga mgongoni kama mtoto. Na mimi nilipoaga ulinishikisha hiyo, ukasema, "Beba hii chansi, mutoto wangu. Miye siwezi tena kuiangalia bila maziwa. Utairudisha siku ng'ombe iko mu lupango." Nikaahidi kuirudisha siku ua wetu utakapokuwa na ng'ombe tena, nikaiweka kwenye mfuko, na lile fungu la majani ya kufukizia ulilolifunga kwenye kipande cha kitenge. Miaka yote hii nimekuwa nikifukiza kidogo kidogo, na kila Jumapili natia maziwa ili isikae tupu. Maziwa ya hapa, Mama, yanatoka kwenye mashine dukani. Unatia sarafu, unabonyeza, yanatiririka. Nilipoiona mara ya kwanza nilitafuta mkia.

Basi niliipeleka ukumbini. Bwana Otieno, msimamizi wa maonyesho, aliipokea kwa mikono miwili, jambo lililonifurahisha. Akanieleza kwamba kitu kikishaandikwa pale hakitoki tena nje ya jengo mpaka siku ya kufungasha. Sawa, nikakubali. Kisha ikaja asubuhi ambayo wageni waliosaidia maonyesho walikuwa waje kutazama matayarisho. Nikaingia mapema na chupa yangu ya maziwa, nikaikuta chansi mezani inang'aa. Dada wa usafi, mtu mwema kabisa asiye na ubaya na mtu, alikuwa ameiosha kwa sabuni ya ndimu, ndani na nje.

Nikaiinua nikainusa. Mama, ilinuka sahani ya hoteli.

Nililia, sikufichi. Moshi wako wote, moshi wa Koko, asubuhi zote zile kabla ya kukamua, vilikuwa vimekwenda na maji ya sinki. Yule dada naye akaanza kulia kwa kuniona nalia, tukawa wawili. Halafu nikawaza kwamba wageni wako njiani, na siwezi kutia maziwa katika chansi yenye sabuni, na siwezi kuiweka tupu mbele ya wageni. Kwetu hilo halifanyiki, hata kama wageni wenyewe hawajui. Nikaenda kwa mama anayeuza chai nyuma ya ukumbi, akanipa makaa ya moto ndani ya mkebe. Nikafungua kile kipande cha kitenge. Majani yalikuwa yamebaki konzi moja. Nikayatia yote, nikaingia stoo, nikafunga mlango ili upepo usipeperushe moshi, nikaifunikiza chansi juu ya mkebe kama unavyofanya wewe, nikapiga magoti kando yake.

Nilisahau, Mama, kwamba nyumba za hapa zina pua kwenye dari.

King'ora kililia hadi nikafikiri ni siku ya mwisho. Watu walitoka mbio. Fundi wa milango alitoka na mlango mmoja. Bwana Otieno alitoka amekumbatia kiti. Bi Wairimu alisimama barabarani akiita jina langu. Nami nikatokea nyuma ya wote, nimeinua chansi kifuani, na moshi unaitoka mdomoni mbele ya wageni walioshuka kwenye magari yao wakati huo huo.

Bwana Otieno alinisema vibaya, na alikuwa na haki. Alisema ningeweza kuteketeza kazi ya watu wa nchi nzima. Nilisimama nimeinama, nikijua taa zangu zitashushwa jioni hiyo hiyo na safari yangu imekwisha kabla ya kuanza. Ndipo Mzee Kiprono, askari wa mlangoni, mtu wa milima ya ng'ombe ya upande wa magharibi, alipokuja kuangalia nimeshika nini. Kwao maziwa hukaa katika kibuyu, wanakisugua ndani kwa mkaa wa mti fulani. Aliinama, akanusa, akavua kofia yake. Akasema taratibu, "Hii harufu naijua. Kibuyu cha mama kilinukia hivi." Akabaki pale ameshika kofia.

Mgeni mmoja akaomba kunusa naye. Halafu mwingine. Mwisho Bwana Otieno mwenyewe, akiwa bado na hasira, akainamisha kichwa. Pale pale barabarani nikamimina maziwa yangu ya mashine, nikafunika na kifuniko chako, na tulipofunua baadaye ndani ya ukumbi kila mmoja alionja. Nilipewa onyo, nikaahidi kutofanya moto tena ndani ya jengo hata kama dunia imelowa. Lakini waliamua chansi isiwekwe kwenye kasha la kioo kama walivyokuwa wamepanga. Sasa itasimama wazi, kwa urefu ambao mtu anaweza kuinama na kunusa, na kila asubuhi nitaitia maziwa kidogo. Jioni maziwa hayo ni ya chai ya Mzee Kiprono, tumeshapatana.

Na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu Bwana Otieno ameipenda. Wiki iliyopita aliniita, akaniketisha, akaniagizia soda. Akasema, "Dada, ningeomba ibaki hapa kabisa, na jina la mama yako tuliandike ukutani. Hapa haitapotea. Huko kwenu bado hakujatulia, na hii imekimbia vya kutosha. Fikiria."

Nimefikiria hadi kichwa kimeuma. Mama, huyu mtu hasemi uongo. Mimi mwenyewe nikisikia habari za njia ya Sake moyo unaruka. Nikiwa kitandani naiona chansi imeachwa chini ya turubai, au imeanguka njiani watu wakiikanyaga, na najilaumu kwa kutaka kuitoa mahali penye askari na paa zima. Na jina lako ukutani, Mama! Watoto wa shule wapite wasome kwamba kuna mama mmoja wa Bihambwe, msukaji. Kuna siku nilikaribia kusema ndiyo.

Kisha Neema akatuma ile sauti kuhusu ng'ombe wetu mpya. Bado ninayo kwenye simu, nimeisikiliza kazini, nimeisikiliza kanisani kwa aibu, nimemsikilizisha hata Mzee Kiprono. "Dada, Bihogo iko na mimba. Kaka Innocent anasema itazaa mwezi wa saba. Mama amekataa kusema kitu, lakini anaenda kuiangalia kila saa." Neema, ukisoma hapa usimtazame Mama usoni, endelea tu.

Mama, wewe hukuniambia. Tulizungumza mara mbili baada ya hapo, ukaniuliza nakula nini, ukaniuliza kama bado naimba kwaya, na habari ya Bihogo hukuigusa. Ninakujua. Unaogopa kuitaja isije ikasikika mbali. Unaogopa kusema kuna maziwa yanakuja, halafu yasije. Ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa urefu namna hii, ili uwe na muda wa kunikasirikia na muda wa kupoa kabla sijafika.

Na kuna Neema. Sehemu yako ndiyo hii, mdogo wangu, ulifikiri nimesahau? Nimesikia Faustin na watu wake wanapanda kutoka Walikale baada ya Pasaka kuja kutoa mahari, na arusi mnataka kuifanya hapo hapo. Mama, najua unasema mtu wa msitu hatajua kushika kamba ya ng'ombe. Atajifunza. Huyo kijana ametembea njia ile yote kwa miguu kuja kumwona binti yako, na mafuta ya mawese aliyoleta, Neema alisema uliyasifu mwenyewe, usikane. Baba yake ni fundi wa viti vya kekele, zile kamba ngumu za msituni. Hapa ukumbini kuna kiti kama hicho kimewekwa juu ya meza, kimewashiwa taa, na watu wanakizunguka kama askofu. Faustin amwambie mzee wake asikae juu ya vile vya kwake kwa dharau tena. Tena nimemwomba Bwana Otieno, na amekubali, kwamba mzee akikamilisha kimoja kabla ya mwezi wa nane, nitakipokea Goma na kukiingiza kwenye maonyesho ya Kigali kabla hayajafungwa.

Ombi langu ni hili. Mahari ipokeeni baada ya Pasaka kama mlivyopanga, lakini arusi isogezeni hadi mwisho wa mwezi wa nane. Bihogo atakuwa amezaa, maziwa ya kwanza ya ndama yatakuwa yamekwisha pita, na yale ya watu yameanza. Mimi nitakuwa nimemaliza Kigali. Wewe ulikunywa kutoka chansi ile asubuhi uliyotoka kwa Koko kwenda kwa Papa. Neema naye anatoka. Anakwenda mbali, kwenye nchi ya miti, kwa watu wasiojua harufu hiyo. Nani atamwambia ametoka nyumba gani kama hakunywa?

Nilipokuwa naanza barua hii asubuhi baada ya ibada, nilitaka kukuuliza chansi irudi au ibaki. Nimeandika hadi mkono umechoka, nimesimama nikapika, nimerudi, na sasa naona sikuulizi. Kesho nitamwambia Bwana Otieno asante sana, jina la Mama liandikwe ukutani kama anataka, na kifuniko kimoja nitamwachia, kipya, nilichosuka kwa mikono yangu. Chansi inarudi nyumbani. Kama vita vitaikuta huko, itakimbia tena mgongoni kwako au mgongoni kwangu, imezoea. Lakini haitakaa ukutani Nairobi ikinyweshwa maziwa ya mashine wakati Bihogo ana maziwa.

Njia nimeshaipanga kichwani. Kigali, Gisenyi, mpaka, Goma. Halafu Mubambiro, mahali pale pale uliponipa, nitamwomba dereva asimame kidogo, nishuke, nipumue. Sake nitanunua sukari na sabuni, sabuni ya nguo tu! Kisha nitapanda milima. Kama barieri za askari njiani zitakuwa nyingi nitangoja, nimejifunza kungoja. Naogopa, Mama, na nina furaha, vyote viwili kwa pamoja, na furaha imezidi.

Nisalimie Innocent, mwambie ndama akiwa jike asimpe jina kabla sijafika. Nisalimie mama mchungaji, aliyetulaza jikoni kwake siku zile. Nisalimie majirani wote wa upande wa kisima, na yule mama anayeuza viazi mbele ya kanisa, ambaye bado anasema nilikuja mjini kuolewa. Faustin msalimie kwa heshima, na mzee wake na kiti chake. Papa pale alipolala, pitia umng'olee majani kwa niaba yangu.

Mungu akutunze wewe na goti lako, hadi nilione kwa macho yangu.

Ni mimi binti yako wa kwanza, msukaji,

Mapendo

Neema, hii ya mwisho ni yako peke yako, isome kimya. Majani ya kufukizia yameniishia yote siku ile ya king'ora, sina hata jani. Yanatakiwa yakatwe sasa kule kilimani, yakauke vizuri kabla ya mwezi wa nane. Usimwombe Mama ayakate, wala usimwulize amesema nini juu ya barua yangu, maana atasema hajasema. Wewe mwangalie tu asubuhi. Ukiona amechukua kisu kidogo na goti lake hilo, ameshika njia ya kilimani, mwache aende, nipigie picha ya mgongo wake unitumie.